Fahamu Huduma Zako: Soma Hali ya Kiungo Kabla ya Kugusa Mipangilio



Hakuna kauli iliyozoeleka katika ofisi zetu za huduma kama hii: "Mtandao unasumbua." Mwananchi huisikia zahanati anapotaka kadi yake ya bima ihakikiwe, huisikia ofisi ya kata anapoomba kumbukumbu namba ya malipo, na huisikia mnadani pale mashine ya kukusanyia ushuru inapokataa kutoa risiti. Akishaisikia, husubiri au hurudi nyumbani, kwa kuwa haoni la kuuliza zaidi.

Somo la toleo hili linakusudia kumpa mkazi na mtoa huduma jambo la kuuliza. Kiungo cha mawasiliano ya data si kitu cha siri. Kina hali ambayo mtu anaweza kuisoma, na kina mipangilio ambayo mtu anaweza kuiandika. Kanuni ya somo hili ni fupi: soma hali kabla ya kugusa mipangilio, na andika mipangilio kabla ya kuibadilisha.

Kisa kilichotufunza

Katika ziara za kazi niliwahi kufika katika kituo kimoja cha huduma, ambacho sitakitaja, nikiwa nimeambatana na mtaalamu wa TEHAMA. Mtandao ulikuwa umekatika siku ya pili. Mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa alikuwa ametoka kulipa fedha taslimu, ingawa kadi yake ya bima ilikuwa hai, kwa sababu haikuwezekana kuihakiki.

Mtaalamu aliuliza nini kilifanyika. Akajibiwa kwamba mtandao ulipokata, mtumishi mmoja alichukua pini na kubonyeza kile kitundu kidogo kilicho nyuma ya ruta, akitumaini kuiamsha. Kitundu kile hakiamshi ruta. Hufuta mipangilio yote na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Baada ya uchunguzi, ilibainika kwamba hitilafu ya kwanza ilikuwa ndogo mno: kifurushi cha data kilikuwa kimeisha. Kuongeza kifurushi kungechukua dakika chache. Kilichochukua siku mbili ni kutafuta mipangilio iliyofutwa, kwa kuwa hapakuwa na mahali popote ilipoandikwa.

Hitilafu moja ilizaa ya pili, na gharama yake ikalipwa na mama asiyehusika na yote mawili.

Kiungo ni nini?

Kiungo cha data ni njia ambayo taarifa hupita kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Njia hiyo haina kipande kimoja. Kompyuta ya zahanati huzungumza na ruta; ruta huzungumza na mnara wa simu; mnara huunganishwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009; kisha taarifa hufika kwenye kituo cha kuhifadhi data ulipo mfumo unaotafutwa. Mfano wake ni safari ya mzigo wa vitunguu saumu kutoka shambani Mbulu hadi sokoni: unabebwa na punda, kisha pikipiki, kisha lori. Mzigo usipofika, haisaidii kulaumu lori kabla ya kujua kama punda alifika barabarani.

Kusoma hali: hatua ya karibu, ya kati na ya mbali

Hatua ya karibu ni kati ya kompyuta na ruta. Tazama kwanza taa. Taa ya umeme ikiwa imezimika, tatizo ni umeme. Taa ya Wi-Fi ikiwa imezimika, kompyuta haitaiona ruta. Kisha fungua ukurasa wa ruta yenyewe kwa kutumia anwani iliyobandikwa chini yake. Ukurasa huo ukifunguka, kipande cha kwanza cha njia ni kizima, hata kama intaneti haipo.

Hatua ya kati ni kati ya ruta na mnara. Hapa tunasoma nguvu ya mawimbi. Kwenye ukurasa wa ruta, au kwenye simu sehemu inayoeleza hali ya laini, utaona namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano -85 au -112. Namba hii huwachanganya wengi. Ifikirie kama deni: mwenye deni la 112 yuko katika hali mbaya kuliko mwenye deni la 85. Kwa mtandao wa 4G, namba iliyo karibu na -80 ni nzuri, -100 ni ya wastani, na kuanzia -115 kwenda chini mawimbi ni dhaifu kiasi cha kukatikakatika.

Wilaya zetu zina sababu ya pekee ya kuijali namba hii. Mawimbi ya simu husafiri vizuri pale kifaa na mnara vinapoonana bila kizuizi. Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ukuta wa Bonde la Ufa na miinuko inayoshuka kuelekea Yaeda Chini hutupa kivuli cha mawimbi kama inavyotupa kivuli cha jua. Kijiji kinaweza kuwa kilomita chache kutoka mnara na bado kisipate mawimbi ya kutosha, kwa sababu tu kiko nyuma ya mgongo wa kilima. Mara nyingi tiba ya kwanza ni nyepesi: ondoa ruta kwenye kabati la chuma au kona ya ndani, iweke karibu na dirisha linaloelekea mnara, kisha soma namba tena. Ikipanda kutoka -114 hadi -100, umepata faida bila kutumia shilingi.

Katika hatua hii hii, hakiki salio la kifurushi. Mawimbi yanaweza kuwa mazuri kabisa na intaneti isiwepo kwa sababu kifurushi kimeisha, kama kisa chetu kilivyoonyesha.

Hatua ya mbali ni kutoka mnara hadi mfumo wenyewe. Jaribu kufungua kurasa mbili tofauti, moja ya huduma iliyo nchini na nyingine ya nje ya nchi. Zote zikikataa ilhali mawimbi ni mazuri, rudi kwenye salio na mipangilio. Ukikataa mfumo mmoja tu, kiungo chako ni kizima na tatizo liko kwenye mfumo huo.

Tulilishuhudia hili Mei 12, 2024, wakati nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti kuzorota nchini na katika nchi jirani. Siku hiyo ruta iliweza kuwaka taa zote na mawimbi yakawa kamili, na bado kurasa nyingi zisifunguke. Mtu aliyebadilisha mipangilio ya ruta yake siku ile alitafuta ofisini kosa lililokuwa baharini.

Jambo jingine la kusoma ni muda wa kwenda na kurudi, unaopimwa kwa milisekunde. Milisekunde 1,000 hufanya sekunde 1. Nuru ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo umbali wa hapa hadi Dar es Salaam ni jambo la milisekunde chache. Setilaiti za zamani zilizo juu ya ikweta ziko umbali wa takriban kilomita 36,000. Ujumbe unaopanda na kushuka mara mbili huchukua karibu nusu sekunde. Kituo kinachotumia setilaiti ya aina hiyo kitaona ucheleweshaji, na huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale muda uliozoeleka unapobadilika ghafla. Ndiyo maana hali husomwa siku ambazo kila kitu ni kizima: asiyejua afya ya kiungo chake hawezi kujua kimeugua lini.

Mipangilio: mambo matano ya kuandika

Mipangilio ni maelekezo ambayo kifaa kimepewa ili kijue kinapita wapi. Kila kituo kiandike mambo haya kwenye daftari la kiungo:

1. Jina la lango la intaneti la kampuni ya simu, ambalo kwenye simu na ruta huandikwa APN. Herufi moja ikikosewa, mawimbi yatakuwepo na intaneti haitakuwepo.

2. Jina la Wi-Fi na anwani ya ukurasa wa ruta.

3. Aina ya mtandao iliyochaguliwa: 4G pekee, 3G pekee, au kifaa kijichagulie. Mahali penye 4G dhaifu, kukiruhusu kifaa kijichagulie mara nyingi ni salama zaidi.

4. Anwani maalumu, endapo mtaalamu ameziweka kwa ajili ya kompyuta au printa fulani.

5. Tarehe na saa ya kila kompyuta. Wengi hupuuza hili. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta ikichoka, umeme ukikatika saa hurudi miaka nyuma, na mifumo yenye ulinzi hukataa kufunguka. Mtumishi hudhani mtandao umekufa, kumbe kalenda ndiyo iliyopotea.

Maneno ya siri yasiandikwe kwenye daftari hilo. Yawekwe kwenye bahasha iliyofungwa, chini ya ulinzi wa mkuu wa kituo. Na neno la siri la msimamizi lililotoka kiwandani libadilishwe, kwa kuwa kila mwenye ruta ya aina hiyo analijua.

Mashine za mapato: hali inayomhusu kila mkazi

Mashine za POS zinazotumika kwenye minada na mageti ya mazao nazo ni kiungo cha data. Ndani yake mna laini ya simu, kifurushi na mipangilio. Mawimbi yakikosekana, mashine inaweza kutunza kumbukumbu za makusanyo na kuzituma baadaye. Kuwa nje ya mtandao kwa saa kadhaa mahali penye kivuli cha mawimbi si kosa. Kukaa kimya siku nyingi bila maelezo ni suala jingine, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimewahi kuzitaja mashine za halmashauri nchini zilizokaa nje ya mtandao kama mwanya wa kupotea kwa mapato.

Ikumbukwe kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha isiyofika kwenye mfumo haiwezi kukopeshwa kwa kikundi chochote. Hivyo mkusanya mapato asome kila jioni lini mashine yake ilituma taarifa kwa mara ya mwisho, na mkazi adai risiti, aisome tarehe yake na kiasi chake kabla ya kuondoka.

Namna ya kutoa taarifa

Linganisha taarifa mbili. Ya kwanza: "Mtandao hakuna, tusaidieni." Ya pili: "Intaneti imekata tangu saa 3 asubuhi. Taa zote zinawaka, ukurasa wa ruta unafunguka, mawimbi ni -92 kama kawaida, kifurushi kipo. Hatujabadilisha kitu." Taarifa ya kwanza humlazimu mtaalamu kufunga safari ili aanze kuuliza. Ya pili humwonyesha papo hapo kwamba tatizo liko mbele ya mnara, naye anaweza kulifuatilia kwa kampuni husika bila kuondoka ofisini. Katika wilaya ambazo barabara za masika huweza kugeuza safari ya saa mbili kuwa ya siku nzima, tofauti hiyo ni kubwa.

Hatuna haja ya kukumbushwa kwa nini. Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Siku kama ile haimpi mtu nafasi ya kuanza kutafuta jina la lango la intaneti. Kiungo kisichosomwa siku za kawaida hugundulika kimekufa siku ya dharura.

Maswali ya kujipima

1. Kati ya mawimbi ya -88 na -110, yapi yana nguvu zaidi?

2. Ukurasa wa ruta unafunguka lakini intaneti haipo. Ni kipande gani cha njia umeshathibitisha kuwa ni kizima?

3. Kwa nini kitundu cha kurejesha ruta katika hali ya kiwandani kisibonyezwe kabla ya kuandika mipangilio?

4. Mfumo mmoja tu umekataa kufunguka, mingine yote inafanya kazi. Je, kosa liko kwenye kiungo chako?

5. Daftari la kiungo la kituo unachohudumiwa liko wapi, na liliandikwa mara ya mwisho lini?

Swali la tano halina jibu katika ukurasa huu. Mkazi aliulize kwa upole atakapofika kituoni, na mtoa huduma alijibu kwa kulifungua daftari. Kama halipo, ukurasa mmoja wa karatasi na dakika 20 za leo vinatosha kulianza, ili mama mwingine mwenye kadi hai asilipe tena kwa ajili ya kifurushi kilichoisha.