Pilipili, Muziki na Watoto: Maswali Yanayonikera Kila Msimu wa Tamasha

Pakitangazwa tu tamasha la familia lenye chakula, muziki na meza ndefu ya pilipili, barua huanza kumiminika. Zinazouliza tofauti ya pilipili kichaa na pilipili mbuzi nimeziweka kando; muuza mboga yeyote sokoni atakujibu. Nimechagua zile zinazonikera na zile zinazonitia hofu.

Shikamoo Mwalimu. Dada yangu anayeishi Bordeaux ametualika tamasha la pilipili la Espelette. Nina watoto wa miaka 4 na 9. Si hatari kwao? (Mama wa wawili, Tanga)

Marahaba. Nendeni bila wasiwasi. Espelette ni kijiji cha Wabaski kusini-magharibi mwa Ufaransa, chenye wakazi takriban 2,000, na tamasha lake hufanyika wikiendi ya mwisho ya Oktoba. Mtakuta kuta nyeupe za nyumba zimetundikwa pilipili nyekundu zilizotungwa kwenye nyuzi ili zikauke, bendi za matarumbeta na ngoma zikizunguka mitaani, pilipili zikibarikiwa kanisani, na vibanda vya jibini, nyama na hata chokoleti iliyotiwa pilipili. Pilipili yenyewe haizidi 4,000 katika kipimo cha ukali cha Scoville, wakati pilipili mbuzi yetu hupita 100,000. Tangu mwaka 2000 jina lake linalindwa kisheria, na mkulima aliye nje ya vijiji 10 vilivyotajwa haruhusiwi kulitumia.

Wenyeji wa Espelette wanasherehekea ladha. Huku kwetu wapo wanaodhani tamasha la pilipili halijanoga mpaka mtu atokwe machozi. Wa miaka 9 aonje kidogo akitaka. Wa miaka 4 mpe mkate na jibini, umnawishe mikono mara kwa mara.

Mwalimu, nilitoa mbegu zote kwenye pilipili za kachumbari niliyouza tamashani, lakini wateja walilalamika inawasha. Nilikosea wapi? (Muuza mishkaki, Kigamboni)

Ulitoa asiye na kosa, ukamwacha mkosaji ndani. Hili nimelisema darasani, jikoni na harusini, na nitalisema tena: ukali wa pilipili hautoki kwenye mbegu.

Chukua pilipili mbuzi moja, ipasue kwa urefu kuanzia kwenye kikonyo. Ndani utaona utando mweupe unaoshuka kutoka kikonyoni, nao ndio unaozishika mbegu. Utazame mwangani. Pilipili ikiwa kali, utaona juu ya utando huo vijitone vya manjano vyenye mafutamafuta. Hapo ndipo penye kapsaisini, kemikali inayowasha, na ni utando huo unaoitengeneza. Mbegu hazitengenezi chochote. Zimepakwa tu kwa sababu zinakaa jirani. Kwenye aina kali kupindukia, hata nyama ya ganda huwa nayo, kwa hiyo huko hata kukwangua utando hakutakuokoa.

Fikiria na mmea wenyewe. Ndege hawahisi ukali wa pilipili hata kidogo. Humeza tunda, mbegu zikapita tumboni zikiwa nzima, wakaziangusha mbali. Panya na binadamu tuna magego yanayosaga mbegu, na ni sisi tunaowashwa. Mmea umemkaribisha anayeeneza mbegu zake na kumfukuza anayeziharibu. Ndiyo maana pilipili kichaa huota chini ya mwembe mahali ambapo hakuna mtu aliyeipanda.

Najua nimeongea sana, lakini kila mwaka naona wapishi wakikung'uta mbegu kwa bidii na kuuacha utando palepale. Kwangua utando kwa kijiko, suuza ganda, ndipo ukatekate. Bora zaidi, weka pilipili kwenye kibakuli pembeni, kila mteja ajitilie mwenyewe.

Wasomaji wa Mombasa, Bujumbura na Muscat wameuliza jambo moja: ukizidiwa na pilipili unywe maji, soda au bia?

Maziwa, au mtindi. Mnakimbilia maji kwa sababu mnadhani mdomo unaungua, na hakuna kinachoungua. Mwaka 1997 kikundi cha mwanasayansi David Julius huko California kilitambua kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kipokezi hicho ni kengele ya hatari: hulia joto likifika nyuzi 43 hivi za Selsiasi, nayo kapsaisini huibonyeza bila moto wowote. Jasho linakutoka kwa sababu mwili umeamini kuna joto.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo maji huisambaza tu mdomoni. Protini ya maziwa iitwayo kaseini huikamata na kuiondoa kwenye ulimi. Ukikosa maziwa, tafuna ugali, mkate au wali mkavu. Soda ina sukari, inapoza kidogo. Bia haisaidii kitu.

Barua kadhaa: pilipili inasababisha vidonda vya tumbo, tusiwapeleke wazee wetu tamashani.

Pilipili haisababishi vidonda vya tumbo. Vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinazomezwa ovyo. Daktari Barry Marshall wa Australia, aliyesema hivyo kuhusu bakteria, alichoka kutoaminiwa, mwaka 1984 akanywa bakteria hao yeye mwenyewe, tumbo lake likapata uvimbe. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Nobel. Miaka yote hiyo imepita, na bado mnailaumu kachumbari huku mkimeza diklofenaki kila goti likiuma.

Aliye na kidonda tayari, au mwenye kiungulia, pilipili inaweza kumzidishia maumivu. Huyo apunguze au aache. Lakini aende hospitali apimwe, na akikutwa na bakteria apewe antibiotiki amalize dozi. Wale wanaopanda kwenye mabasi na kusimama kwenye milango ya matamasha na chupa za unga "unaomaliza vidonda kwa siku saba" wanawachelewesha watu kupata tiba. Anayeharisha choo cheusi au kutapika damu asinunue chupa. Akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Je, pilipili huongeza nguvu za kiume?

Hapana.

Inakinga malaria na korona?

Hapana. Kuhusu korona, Shirika la Afya Duniani lilishatoa kauli hiyo mwaka 2020. Malaria ina chandarua, kipimo na dawa.

Mwanangu alishika pilipili akajipangusa macho. Jirani akasema nimtilie maziwa ya mama. Nilifanya sawa kumkatalia?

Sawasawa kabisa. Machoni hakutiwi maziwa ya mama, asali wala maji ya chumvi ya kienyeji. Mzuie mtoto asisugue, msafishe jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Maumivu yasipotulia, au kama haoni vizuri, mpeleke kwa daktari. Mikono iliyokata pilipili ipake kwanza mafuta ya kupikia, kisha uioshe kwa sabuni ya vyombo, maana kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta. Baba zangu, naweni kabla ya kwenda chooni, si baada tu. Mnajua kwa nini.

Nitajuaje kama pilipili ya unga na achari ya vibandani ni salama?

Unga mwekundu kupita kiasi utilie shaka. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya vyakula kwa sababu pilipili ya unga iliyotumika ilikuwa na Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Unga wenye harufu ya ukungu uache hapohapo.

Kwa achari, muulize muuzaji ametia nini. Siki, ndimu na chumvi ya kutosha huzuia bakteria. Pilipili mbichi na vitunguu saumu vilivyozamishwa kwenye mafuta matupu na kukaa juani kutwa vinaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, ambayo haina harufu wala ladha. Akisema "ni mafuta tu, mama," mshukuru, uende zako.

Tunaandaa tamasha la familia Mombasa na tunataka shindano la kula pilipili livute vijana. Tutafute ipi iliyo kali kuliko zote duniani?

Msitafute. Tangu 2023 rekodi ya Guinness inashikiliwa na Pepper X ya Ed Currie wa South Carolina, yenye wastani wa 2,693,000 katika kipimo cha Scoville. Hiyo si ya kupandisha jukwaani mbele ya watoto. Madaktari wa Marekani waliandika mwaka 2018 kuhusu mwanamume wa miaka 34 aliyekula pilipili kali sana iitwayo Carolina Reaper mashindanoni akapata maumivu ya ghafla ya kichwa yasiyovumilika. Walipompima walikuta mishipa ya damu ya ubongoni imejibana. Alipona. Mwaka 2023 kijana wa miaka 14 huko Massachusetts alifariki baada ya kula chipsi moja iliyouzwa kama changamoto. Ripoti ya uchunguzi ilitaja kiwango kikubwa cha kapsaisini, na pia hitilafu za moyo. Ninyi mtaijuaje mioyo ya watakaopanda jukwaani?

Igeni kijiji cha Hatch, New Mexico. Kila mwanzo wa Septemba huko pilipili huchomwa kwenye mapipa ya wavu yanayozungushwa juu ya moto wa gesi, na watu hufuata harufu hiyo kutoka mbali, wakanunua magunia. Chomeni zenu, ila mahali ambapo upepo hautapeleka moshi jukwaani wala kwenye michezo ya watoto, maana moshi huo humkohoza mzima na kumwangusha mwenye pumu. Shindanisheni achari, mchuzi wa ukwaju, samaki wa kupaka. Bandikeni kwenye kila sahani kiwango cha ukali. Taarabu ipigwe mpaka usiku.

Na wekeni bomba la maji, sabuni, maziwa na mtu wa huduma ya kwanza. Mwandaaji asiye na hivyo vinne asipewe kibali, na mzazi atakayefika akakuta havipo awachukue watoto wake arudi nyumbani.