MFUGA MBWA NA MAAMUZI YAKE

Somo langu la mwaka huu linamhusu mnyama ambaye sote twamjua kwa sauti hata kabla ya kumwona, yaani mbwa. Kwetu vijijini mbwa hulinda boma, hufuatana na wachungaji malishoni, na usiku hubweka ili sisi tulale. Lakini hebu uliza, "Mbwa huyu alichanjwa lini?" Wengi watakutazama kana kwamba umeuliza siku ya kuzaliwa ya jogoo!

Ng'ombe akishikwa na homa, daktari wa mifugo huitwa mbio. Mbwa akiugua twasema, "Mwache, atakula nyasi apone." Sababu yake ni wazi. Ng'ombe hutoa maziwa, na maziwa huleta pesa, ilhali mbwa hana cha kuuza. Hata hivyo, magonjwa ya mbwa asiyetunzwa hayaishii kwenye kibanda chake. Huingia nyumbani, na mara nyingi anayepatikana kwanza ni mtoto. Kwa hivyo kila uamuzi wa mfuga mbwa ni uamuzi juu ya watu wa nyumba yake na majirani zake pia. Ndugu msomaji, tufuatane tuyatazame maamuzi hayo moja baada ya jingine.

1. Kuchanja au kutochanja

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na virusi. Virusi hivi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, navyo huingia mwilini kupitia jeraha la kuumwa, mkwaruzo, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Kutoka hapo husafiri polepole kwenye neva mpaka kwenye ubongo. Aghalabu safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Dalili zikishatokea, kwa mtu au kwa mnyama, ni kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa, kwani karibu hakuna anayepona.

Jina lenyewe lina mtego. Tukisikia "kichaa" twamtarajia mbwa anayekimbia ovyo huku akiuma watu, mawe na vijiti. Kweli wako wa namna hiyo. Lakini kuna wengine ambao ugonjwa huwapata kimyakimya. Mbwa hujificha gizani, sauti yake hubadilika, miguu hulegea, taya huanguka na mate yakawa yanamtoka. Mwenyewe hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani ili autoe. Lo! Hapo ndipo huruma inapomponza mtu. Mbwa mwenye taya lililolegea asiguswe kamwe. Mfungie mahali bila kumshika, kisha mwite daktari wa mifugo.

Hapa Kenya, ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka 100 imepita nasi bado tunazika watu kwa sababu yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Takriban wote, yaani 99 kwa kila 100, huambukizwa na mbwa. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao ni wadogo zetu tunaowaacha nyumbani tukija shuleni.

Basi dawa i wapi? Iko katika sindano moja ya mbwa. Kilebu (yaani mtoto wa mbwa) huchanjwa afikapo umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Mwaka wa 2014 serikali yetu ilizindua mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka wa 2030. Nguzo ya mpango huo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, maana wataalamu wameona kwamba kiwango hicho kikifikiwa na kudumishwa, virusi hukosa mahali pa kurukia. Tufanye hesabu kidogo. Kijiji chenu kikiwa na mbwa 40, ni lazima wachanjwe 28. Wakichanjwa 15 tu, hata hao 15 wenyewe wakiwa salama, kijiji hakijasalimika.

Utamsikia mtu akisema, "Mbwa akichanjwa atakuwa mzembe, hatabweka." Hayo ni maneno matupu. Chanjo haiondoi ukali wa mbwa. Mwingine atasema hana pesa. Huyo twamwelewa, maana maisha ni magumu. Lakini na aulize ofisi ya mifugo ya kaunti yake kuhusu kampeni za chanjo ya bure, ambazo mara nyingi hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Akisha kuchanjiwa mbwa wake, aihifadhi kadi vizuri. Kadi ndiyo shahidi.

2. Mbwa akimwuma mtu

Hapa hakuna nafasi ya kikao cha wazee. Fuata hatua hizi:

(a) Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, usikisie. Sabuni huviua virusi hivi kabla havijaingia kwenye neva.

(b) Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala manyoya ya mbwa aliyeuma. Vitu hivi huchokoza kidonda tu.

(c) Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo wa mwiba. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mgonjwa atachanjwa sindano kadhaa kwa siku maalumu, naye asikose hata moja. Wanaoogopa eti ni sindano za tumboni wasiwe na hofu, kwani siku hizi huchomwa begani. Jeraha likiwa baya, daktari ataongeza dawa nyingine ya kinga kwenye jeraha lenyewe.

(d) Usikimbilie kumwua mbwa. Akiwa na mwenyewe, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, basi mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma, na daktari aweza kuamua kusimamisha sindano. Hata hivyo matibabu ya mtu huanza mara moja, hayangoji siku 10 zipite. Mbwa akifa au akiuawa, afisa wa mifugo aarifiwe ili ubongo upimwe katika maabara kama ile ya Kabete. Ndiyo maana hatupaswi kumponda mbwa kichwa kwa mawe, kwani tukifanya hivyo tunaharibu ushahidi.

3. Matumbo ya machinjioni

Kukichinjwa kondoo au mbuzi nyumbani, mapafu na ini lenye malengelenge hurushiwa mbwa. Tunadhani tumemkarimu, kumbe tumemlisha ugonjwa. Malengelenge hayo huwa na vijidudu ambavyo, vikifika tumboni mwa mbwa, hukua na kuwa minyoo midogo sana ya jamii ya tegu. Mbwa mwenyewe huonekana mzima kabisa. Lakini mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi chake, hushika kwenye manyoya, udongo, maji na mboga. Mtoto akimkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa, huyameza. Miaka mingi baadaye huota uvimbe wenye maji katika ini au mapafu yake, na mara nyingi hutibiwa kwa kupasuliwa.

Wenzetu wa Turkana waujua ugonjwa huu sana, kwani eneo lao lilikuwa mojawapo ya yale yaliyoathirika zaidi duniani. Mwaka wa 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mradi wa kupambana nao. Pamoja na kuwapasua wagonjwa, mradi ulishughulikia mbwa, kwa kuwapa dawa ya minyoo, kupunguza idadi yao na kuwafundisha watu. Tujifunze kutoka kwao. Viungo vyenye malengelenge vichomwe au vifukiwe shimo refu. Matumbo mengine yachemshwe sana kabla ya kumpa mbwa. Nasi tunawe mikono kila tumshikapo.

Kwa kawaida, mbwa mzima hupewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Kilebu huanza akiwa na wiki mbili, kisha hupewa kila wiki mbili mpaka apate miezi mitatu. Kwa minyoo ya tegu, mwulize daktari kuhusu prazikwanteli, kwa sababu si kila dawa ya minyoo huiua. Kipimo hutegemea uzito. Huna mizani ya wanyama? Haidhuru. Simama kwenye mizani peke yako, kisha simama ukiwa umembeba. Ukiwa na kilo 50 peke yako, na 64 ukiwa naye, mbwa ana kilo 14. Ona jinsi hisabati inavyosaidia!

4. Kupe na viroboto

Kupe hufyonza damu na kuacha magonjwa. Mbwa aliyeambukizwa huwa na homa, hukataa chakula, fizi zake hugeuka nyeupe, na pengine hukojoa mkojo mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo usingoje kesho. Mkague mbwa masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kupe akamatwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu, wala asitumbuliwe kwa kucha.

Kwa upande wa viroboto, wale unaowaona mwilini ni wachache tu. Mayai na watoto wao wamo katika matandiko ya mbwa. Ukimwosha mbwa ukaacha gunia lake chafu, umefanya kazi bure. Fua, anika juani, na ufagie kibanda.

Tahadhari! Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipakwe mbwa kwa kukisia. Oili chafu ya gari nayo isitumiwe kabisa, kwani mbwa hujilamba na kujitia sumu.

5. Chakula, maji na dawa za watu

Ugali mtupu hushibisha bila kujenga mwili. Uchanganye na omena, maharagwe yaliyoiva au nyama iliyochemshwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa kama sindano na kutoboa utumbo. Vitunguu huharibu damu ya mbwa, nayo chokoleti huweza kumwua. Vivyo hivyo parasetamol na ibuprofeni zilizo kwenye kabati la mama ni hatari kwake, hata ukimpa kwa nia njema.

Maji safi yawepo mchana na usiku. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema. Ukimfunga mnyororo juani saa saba mchana bila maji, umemweka jikoni. Uitazame pia shingo yake, maana kola inayobana hukata ngozi na nzi wakaingia.

6. Vilebu wa nani?

Jike hubeba mimba kwa siku kama 63, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Vilebu wasitengwe na mama yao kabla ya wiki nane. Wachanjwe dhidi ya parvo kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, na chanjo hiyo irudiwe mpaka wapate wiki 16. Parvo huleta kutapika na kuharisha damu, na yaweza kumaliza vilebu wote kwa siku chache.

Swali gumu ni hili: wasiotakikana hupelekwa wapi? Twajua. Hutiwa kwenye gunia na kutupwa sokoni usiku. Wanaonusurika huwa mbwa koko, hawana mwenyewe, hawana kadi. Sasa rudi kwenye hesabu yetu ya mbwa 40. Wakiongezeka koko 20, kijiji kina mbwa 60, na wale 28 waliochanjwa hawafiki hata nusu. Kwa hiyo anayetupa vilebu gizani anaibomoa kinga ya kijiji kizima. Aliye na uwezo amwite daktari ahasi dume au amfunge jike kizazi. Asiye na uwezo amfungie jike ndani wiki tatu anapotaka dume. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tamati

Mbwa hana kinywa cha kusema, "Nipeleke nikachanjwe." Aliyemfunga mnyororo ndiye aliyechukua jukumu la kuamua kwa niaba yake. Likizo hii, kabla hujaketi kusimulia habari za shuleni, itafute kadi ya chanjo ya mbwa wenu. Kama haipo, mwambie baba au mama, kisha uwaambie na majirani. Huenda ukaokoa mtoto ambaye hatajua kamwe kwamba uliwahi kumwokoa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mbwa aliyemwuma mtu huangaliwa kwa siku 10, na kwa nini mtu huyo asingoje siku hizo?
2. Kijiji kina mbwa 90. Ni wangapi wanaopaswa kuchanjwa ili kufikia kiwango kilichotajwa?
3. Eleza safari ya minyoo ya tegu kutoka kwa kondoo hadi kwa mtoto.
4. Jadili: "Mbwa koko ni kosa la mtu, si la mbwa."