Kompyuta ya Kurekodia Nyimbo Inapozimika: Somo la Kutafuta Chanzo na Kubadili Draiva



Katika miji ya Mtwara na Mikindani, na hata vijijini kuelekea Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma, wako watu wanaorekodi nyimbo nyumbani mwao kwa kompyuta. Mmoja hurekodi kwaya, mwingine muziki wa vijana, mwingine nyimbo za wazee za Kimakonde ambazo hazijaandikwa popote. Kazi hii ni njema, lakini ina hatari yake. Mzee aliyeimba leo akifariki kesho, hapana atakayeuimba wimbo ule tena kwa sauti ile. Basi kompyuta ikizimika katikati ya kurekodi, kilichopotea hakipatikani dukani.

Tena tumeona desturi moja isiyofaa. Kompyuta ikizimika mara mbili tatu, mwenyewe hukimbilia kubadili kila draiva aionayo, bila kujua iliyo mbovu ni ipi. Huyo hufanana na mganga ampaye mgonjwa dawa zote za sandukuni kwa mara moja: mgonjwa akipona, mganga hajui kilichomponya, akizidiwa, hajui kilichomdhuru. Kwa hiyo neno kuu la somo hili ndilo hili: kwanza tafuta chanzo, kisha weka akiba, kisha badili kitu kimoja tu na kukijaribu.

1. Draiva ni nini?

Mtu wa Mtwara avukaye Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo na kufika Msumbiji, akikutana na afisa asemaye Kireno tu, ahitaji mkalimani. Mkalimani akiwa hodari, shauri huisha upesi. Akikosea neno moja, wote wawili huchanganyikiwa. Draiva ndiyo mkalimani wa kompyuta. Ni programu iliyo katikati ya Windows na kifaa: kadi ya sauti, kinanda, kadi ya picha, au chombo cha Wi-Fi.

Sasa angalieni jambo hili, maana hapa ndipo chanzo cha matatizo mengi. Programu ya kawaida ikikosea, Windows huifunga hiyo peke yake. Lakini draiva nyingi hufanya kazi katika kiini chenyewe cha Windows, mahali pasipo na ukuta. Draiva ya namna hiyo ikikosea, Windows huisimamisha kompyuta yote kwa makusudi, ili kosa lisienee na kuharibu mafaili. Ndiyo maana ya kile kioo cha buluu chenye maneno ya kusikitisha. Katika matoleo mapya ya Windows 11, tangu mwaka wa 2025, kioo hicho ni cheusi.

Katika kurekodi iko njia nyingine ya kujua, nayo huitwa ASIO. Iliwekwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, ili sauti ipite moja kwa moja kati ya kadi na programu ya kurekodi, bila kuzunguka njia ndefu ya Windows. Kompyuta huikata sauti vipande 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na kuvipokea kwa mafungu. Fungu la vipande 256, kwa kipimo cha 48,000, huchukua milisekunde 5 na kidogo. Fungu la 1,024 huchukua 21 na kidogo. Fungu likiwa dogo, mwimbaji hujisikia mara moja katika hedifoni, lakini kompyuta hukosa nafasi ya kupumua. Likiwa kubwa, kompyuta hustarehe, bali mwimbaji husikia sauti yake ikichelewa. Basi yafaa kutumia 128 au 256 wakati wa kurekodi, na 1,024 wakati wa kuchanganya sauti.

2. Kupambanua ugonjwa

Si kila kuzimika kwatoka katika draiva. Yapasa kuutazama ugonjwa kwanza. Namna zake ni nne.

Ya kwanza: programu ya kurekodi peke yake hufungika, na Windows yaendelea. Hapa mara nyingi mkosaji ni plagini, yaani programu ndogo iongezwayo ya kupamba sauti au kuiga ala. Ziondoe zote, kisha uzirudishe moja moja.

Ya pili: kompyuta haizimiki, lakini sauti hupasuka na kukatika. Ongeza fungu kwanza. Ikiwa haikusaidia, zima Wi-Fi, ujaribu tena. Wengi huilaumu kadi ya sauti, na kumbe ni draiva ya Wi-Fi au ya picha iliyoishika kompyuta kwa muda mrefu mno. Programu iitwayo LatencyMon hupima jambo hili na kuitaja draiva yenye kuchelewesha.

Ya tatu: kioo cha buluu au cheusi. Hapa hushukiwa draiva, au RAM iliyoharibika.

Ya nne: kompyuta huzima ghafla, bila neno lolote. Hapo usiiguse draiva kwanza. Tazama umeme na joto.

Na sisi wa pwani hii tuna sababu ya kuikumbuka namna hii ya nne. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ndiyo iendeshayo mitambo ya umeme ya Mtwara. Lakini kuwa karibu na gesi hakuzuii umeme kukatika au kupungua nguvu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS hufa mara umeme ukatikapo, na faili lililokuwa likiandikwa laweza kuharibika. UPS ndogo huipa kompyuta dakika chache, nazo zatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Tena katika miezi ya kaskazi, joto na unyevu ni vingi, na hewa ya bahari ina chumvi. Vumbi huziba feni, kutu hula midomo ya nyaya. Kadi ya sauti ionekanayo na kupotea kila mara, pengine dawa yake ni waya mpya wa USB wala si draiva mpya.

3. Kuiuliza kompyuta yenyewe

Kompyuta hutunza habari za makosa yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha andika perfmon /rel. Utaona orodha ya siku, na alama nyekundu katika siku zilizotokea makosa. Angalia siku ya kwanza ya ugonjwa, kisha ujiulize: siku ile, au jana yake, kiliongezwa nini? Mara nyingi jibu limeandikwa papo hapo.

Kioo cha buluu kikitokea, kipige picha kwa simu kabla hakijatoweka. Juu yake pana neno la kosa, na pengine jina la faili linaloishia kwa .sys. Faili la namna hiyo mara nyingi ni draiva. Kwa mfano, nvlddmkm.sys ni draiva ya picha ya Nvidia. Aliyeona jina hilo hana sababu ya kuanzia katika kadi ya sauti. Lakini likitajwa faili la Windows yenyewe, usihukumu upesi, kwa kuwa mara nyingine hulipa deni la mwingine. Na neno likiwa MEMORY_MANAGEMENT, au makosa yakibadilika kila siku, andika mdsched mahali pale pale pa kuandikia amri. Kompyuta itawaka upya na kuipima RAM yake.

4. Namna ya kubadili draiva

Ukiisha kuijua draiva yenye kosa, fuata utaratibu huu, wala usiruke hatua.

(a) Nakili nyimbo zote katika diski ya nje, kisha uichomoe. Wimbo mmoja wa dakika 5, wenye sauti 8, kwa kipimo cha 48,000 na biti 24, hujaza megabaiti 346 hivi. Diski ya kawaida ya leo yaweza kutunza maelfu ya nyimbo za namna hiyo; basi hapana udhuru.

(b) Andika amri devmgmt.msc. Itafunguka orodha ya vifaa vyote. Fungua kifaa chako, uende ukurasa wa draiva, na kuandika daftarini tarehe na namba ya toleo ulilo nalo sasa.

(c) Weka alama ya kurudia, kwa amri SystemPropertiesProtection. Mambo yakiharibika, amri rstrui itakurudisha katika hali ya siku ile.

(d) Chukua draiva kwa mtengenezaji wa kifaa mwenyewe, ile ya aina yako hasa na ya Windows yako. Ikiwa ni laptopu, draiva za ndani zitafute kwanza kwa mtengenezaji wa laptopu. Jihadhari na programu zinazojisifu ya kwamba zitabadili draiva zote kwa mara moja: nyingine huleta zisizofaa, nyingine huleta virusi.

(e) Soma maelezo yake. Wengine hutaka kadi ichomolewe kwanza, ndipo programu iwekwe. Kisha washa upya.

(f) Rekodi kitu kisicho na thamani kwa muda wa nusu saa. Usiwaite waimbaji kabla ya jaribio hili.

(g) Hali ikizidi kuwa mbaya, rudi katika ule ukurasa wa draiva. Pana kitufe cha kurudisha draiva ya awali. Ikiwa Windows haiwaki kabisa, baada ya kushindwa mara kadhaa hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo waweza kuchagua kuwaka kwa njia ya usalama, yenye draiva chache za lazima tu, na kuiondoa ile mbaya.

5. Kipya si lazima kiwe bora

Ijumaa, Julai 19, 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilisambaza faili moja dogo la masahihisho. Faili lile lilisomwa na draiva yao iliyo ndani ya kiini cha Windows, nalo lilikuwa na kosa. Kampuni ililiondoa baada ya dakika 78, lakini kwa hesabu ya Microsoft kompyuta kama milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka, katika viwanja vya ndege, mabenki na hospitali za nchi nyingi. Dawa ilikuwa kuwaka kwa njia ya usalama na kulifuta faili lile, nyingi zikitengenezwa moja moja kwa mkono. Ikiwa wenye mafundi wengi walipatwa hivyo, sisi wenye kompyuta moja tutakosaje kujihadhari? Usibadili draiva siku ya kurekodi, wala jana yake. Windows huruhusu masahihisho yaahirishwe kwa muda. Tumia ruhusa hiyo mpaka kazi iishe.

Lakini kuahirisha si kukataa. Masahihisho ya usalama hufunga milango ya wezi. Windows 10 ilikwisha kuachwa na Microsoft katika utaratibu wake wa kawaida tangu Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Mwenye kompyuta ya namna hiyo, ikiwa yarekodi vizuri, yafaa aiache kwa kazi ya nyimbo tu, bila intaneti, na barua na fedha azifanye penginepo.

Tena weka akiba ya draiva zako katika flashi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadhoofika sana Tanzania. Katika siku za namna hiyo, aliye na draiva flashini huendelea na kazi. Asiye nayo hungoja.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini kosa la draiva laweza kuiangusha kompyuta yote, na kosa la programu ya kawaida halifanyi hivyo?
2. Kompyuta ya jirani yako huzima ghafla kila alasiri wakati wa kaskazi, bila kioo cha buluu. Utatazama nini kwanza?
3. Taja mambo matatu yapasayo kufanywa kabla ya kuweka draiva mpya.
4. Je, nyimbo ulizozirekodi mwaka huu zina nakala mahali pengine? Ikiwa hazina, anza hapo, kabla hujaigusa draiva yo yote.