Tiba Kali ya Mapema kwa Ugonjwa wa Crohn: Mambo ya Kupima Kabla ya Kukubali

Somo hili linamhusu mgonjwa aliyethibitishwa hivi karibuni kuwa na ugonjwa wa Crohn, pamoja na familia yake.

Ugonjwa huu ni uvimbe wa kudumu unaoweza kushambulia sehemu yoyote ya njia ya chakula. Usipodhibitiwa, utumbo huweza kupata makovu, kuziba au kutoboka. Kovu likishakomaa, dawa haiwezi kuliondoa. Ndiyo sababu uamuzi wa mapema una uzito.

Njia mbili za tiba

Njia ya kwanza ni ya kupanda ngazi: mgonjwa hutumia steroidi, kisha huongezewa dawa kali kila ugonjwa unaporudi. Njia ya pili humpa dawa kali mara tu ugonjwa unapothibitishwa, kwa mfano infliximab inayotolewa kwa dripu, pamoja na dawa ya kushusha kinga ya mwili kama azathioprini.

Utafiti wa PROFILE wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2024, ulilinganisha njia hizo kwa wagonjwa wapya 386. Hadi wiki ya 48, takriban asilimia 79 ya waliopewa dawa kali mapema walidumu katika nafuu bila kurudia steroidi wala kufanyiwa upasuaji. Kwa waliopanda ngazi, ilikuwa asilimia 15. Upasuaji wa dharura wa tumbo ulihitajika kwa mgonjwa 1 wa kundi la dawa kali na 10 wa kundi jingine.

Tahadhari

Infliximab huweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha mwilini. Aidha, kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn. Akipewa dawa hii kwa makosa, mgonjwa huhatarishwa. Kwa hiyo, tunawashauri wasomaji wetu waulize:

1. Je, kifua kikuu, homa ya ini B na VVU vimepimwa?
2. Je, ugonjwa wangu ni mkali kiasi cha kuhitaji dawa hizi sasa?
3. Je, kuna chanjo ninazopaswa kupata kabla ya kuanza?
4. Je, gharama ya dozi zote, si ya kwanza tu, italipwa na nani?

Ukianza tiba, usiikatishe bila ushauri wa daktari. Homa, kikohozi kisichokoma au kupungua uzito kusisubiri kliniki ijayo; toa taarifa mara moja.