Shokapu za Gari la Zamani: Kupima, Kununua na Kuvusha Mpakani

Barabara ya Taifa namba 1 hushuka kutoka Bugarama, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi. Ni mteremko wa kona nyingi, malori mazito na waendesha baiskeli waliosheheni ndizi na makaa. Dereva anayeushuka kwa gari ambalo shokapu zake zimekufa hugundua jambo moja akiwa amekwisha kuchelewa: breki ni nzima, lakini gurudumu linalorukaruka haligusi lami, na gurudumu lisilogusa lami halisimamishi gari.

Shokapu, ambayo wengi wetu kwa kufuata Kifaransa huiita amotisa, haibebi uzito wa gari. Uzito hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi: mafuta yaliyomo ndani husukumwa kupita vitundu vidogo, na nguvu ya mrusho hugeuka joto. Wengi huipima kwa kubonyeza kona ya gari na kuiachia. Ikicheza zaidi ya mara moja au mbili, imechoka. Kwa magari ya springi ngumu kipimo hicho hakisemi mengi. Afadhali mtu ainame, atazame kama mafuta yamevuja kwenye mwili wa shokapu, na kama tairi imelika kwa mabonde mabonde.

Tuchukue mfano wa mwananchi wa Gatumba mwenye Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, gari lililotengenezwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1984. Anakwenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi, na muuzaji anamuuliza aina ya gari tu. Hapo ndipo kosa huanzia. Gari hilo lina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, na kwa miaka zaidi ya arobaini huenda wamiliki wake wamezibadilisha au kuziongeza vyuma ili libebe mizigo zaidi. Likisha kuinuliwa hivyo, shokapu ya kiwandani huwa fupi mno, hata kama jina na namba yake ni sahihi kabisa.

Kwa hiyo pima gari lenyewe. Toa shokapu ya zamani, inua fremu kwa jeki na kuiegemeza juu ya stendi imara, kisha uiache ekseli ining'inie. Pima kutoka katikati ya kishikio cha juu hadi katikati ya kile cha chini. Halafu inua ekseli mpaka iguse mpira wa kuizuia, upime tena. Shokapu ikivutwa yote iwe ndefu kuliko kipimo cha kwanza. Ikibanwa yote iwe fupi kuliko cha pili. Tuseme kipimo cha pili ni milimita 340, na shokapu iliyobanwa ina milimita 350: siku ya shimo la kwanza itagonga kabla ya mpira, na kishikio kitakatika. Linganisha pia upana wa bushi na unene wa bolti. Ukipata gari jingine lenye vipimo hivyo na uzito wa karibu, shokapu zake zaweza kukufaa, liwe na jina lolote.

Sasa tuje kwenye jambo linaloihusu polisi moja kwa moja. Shokapu haina namba ya chasisi. Iliyong'olewa kwenye gari la wizi inafanana na iliyong'olewa kwenye gari lililokufa kwa uzee, na ushahidi wa uhalali wake ni karatasi ya muuzaji. Dai risiti yenye jina lake, tarehe na namba iliyochapwa kwenye kifaa. Bolti zilizokatwa si ushahidi wa wizi, kwani kutu humlazimu hata fundi mwaminifu kukata. Lakini seti nzima, bei ya kutupa na muuzaji asiyetaka kuandika jina lake vikikutana, ondoka.

Wanaonunua Uvira au Kigoma na kurudi kwa Gatumba au Mugina watangaze mzigo kwa forodha ya OBR, hata kama ni shokapu mbili. Wapo wanaodhani cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, kinatosha. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Shokapu ya Japani haiwi ya Tanzania kwa kupitia Kigoma.

Wakati wa kufunga, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Shokapu ya mafuta iliyolazwa dukani isimamishwe wima, ivutwe na kubanwa mara kadhaa mpaka hewa itoke. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira hujipinda na kupasuka mapema. Baada ya siku chache za safari, rudi kwa fundi azikague tena.