Utunzaji na Haki: Somo Kutoka Milima ya Uluguru

Utangulizi

Mwalimu wa kijijini ana kazi mbili zinazokwenda pamoja. Humtunza mtoto aliye mbele yake, na huisaidia jumuiya kupata haki zake. Vyuoni tumezoea kuzifundisha mbalimbali: ya kwanza katika saikolojia, ya pili katika uraia. Makala haya yana lengo la kuonyesha kwamba kazi hizo ni moja, na kwamba historia ya Uluguru inatupatia mfano mzuri wa kuzifundishia pamoja.

Maana ya utunzaji

Saikolojia ya jumuiya ilianza kujulikana kwa jina hilo mwaka 1965, katika mkutano wa Swampscott, Marekani. Wataalamu waliokutana huko waliona kuwa haitoshi kumtibu mtu mmoja mmoja bila kuitazama hali anamoishi. Baadaye, mwaka 1993, Joan Tronto alieleza kuwa utunzaji unahitaji mambo manne: kuliona hitaji, kuukubali wajibu, kutenda kwa ustadi, na kusikiliza jawabu la yule anayetunzwa. Huruma peke yake haifiki mbali. Tutaona sasa jinsi kazi inavyoweza kuharibika jambo la nne linapokosekana.

Mfano wenyewe

Kinole iko katika miteremko ya mashariki ya Uluguru, penye mvua nyingi, migomba, matunda na viungo. Huko ndiko makao ya Kingalu, kiongozi wa jadi ambaye Waluguru wamemhusisha na mvua tangu zamani. Katika nchi hii ardhi hufuata ukoo wa upande wa mama, uitwao lukolo. Kwa hiyo shamba si udongo tu. Ni undugu pia.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Hitaji lililoonwa lilikuwa la kweli: udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, na mito ya milima hiyo ndiyo inayolisha Ruvu. Wananchi wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Lakini katika mahali pengi udongo wenye rutuba ni mwembamba. Mchimbaji alipokata mteremko, udongo mbovu wa chini ulitokeza juu. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuilipa, na watu walikuwa na hofu juu ya haki zao za ardhi. Malalamiko yao yalichukuliwa kuwa ni ukaidi. Mwezi Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, na mtu mmoja akapoteza maisha. Ulazima wa matuta ukaachwa.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye mpango waliujali mlima, wala hawakuwasikiliza waliouishi. Udongo ulitakiwa kutunzwa kwa kuwadhulumu wenye udongo. Mwishowe hapakuwa na utunzaji wala haki.

Kutoka mlimani hadi darasani

Kosa hilo halikwisha mwaka 1955. Tufikirie mtoto anayefika shuleni amechelewa kila siku ya soko. Mwalimu humwadhibu, akiamini kwamba anamjenga. Siku moja anamwuliza sababu, naye anajibu kwamba alfajiri hushuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani, kwa kuwa mama yake anaumwa. Mwalimu huyu aliona hitaji, akakubali wajibu, lakini hakusikiliza. Viboko vyake vilikuwa matuta mengine juu ya udongo mwembamba.

Hata hivyo, kumsamehe mtoto hakutoshi. Mwalimu hana budi kuuliza zaidi: je, kuna wengine kama yeye? Jirani na wajomba wanaweza kusaidiana vipi? Kamati ya shule ielezwe nini? Hapo ndipo utunzaji unapogeuka kuwa kazi ya haki. Vivyo hivyo, mwaka 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurejea masomoni. Waraka hufungua mlango. Lakini msichana akichekwa darasani, na mwalimu akanyamaza, mlango huo hufungwa tena.

Hatua za somo

1. Wanachuo wasimuliwe habari za matuta mpaka mwaka 1954, bila kuambiwa mwisho wake.
2. Wagawanyike katika vikundi vitatu: mabwana shamba, wazee wa ukoo, na akina mama wakulima. Kila kikundi kieleze hitaji lake.
3. Mkufunzi aeleze yaliyotokea mwaka 1955. Vikundi vitafute ni jambo lipi kati ya yale manne lililokosekana.
4. Kila mwanachuo aandike kisa kimoja alichokiona katika mazoezi ya kufundisha, bila kutaja jina la mtoto wala la shule.

Tahadhari

Mkufunzi asiwaache wanachuo wakidhani kwamba hifadhi ya ardhi ni jambo baya. Milima ingali inahitaji kutunzwa. Tunalolikataa ni kutunza bila kuuliza.

Hitimisho

Tunawaomba wakufunzi wenzetu walijaribu somo hili kabla ya kuwapeleka wanachuo mazoezini. Mwalimu anayejifunza kusikiliza jawabu la mtoto mmoja amekwisha kuanza kuitumikia haki ya kijiji kizima.

Zoezi: Taja kanuni moja ya shule uliyosoma iliyokusudiwa kuwatunza wanafunzi. Je, ni nani aliulizwa kabla ya kuiweka?