Taa ya depo ijizime yenyewe: somo la butoni na mikrokontrola



Kahawa mbivu haingoji. Tunda lililochumwa leo litolewe ganda leo, na kwenye vituo vya kuoshea vya Kalehe ao Idjwi mizigo mingi inafika jua limekwisha zama. Taa ya mizani ni ya lazima. Shida inakuja kisha: mtu anapima, anaenda, taa inabaki. LED ya wati 10 ikiwaka toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka asubui inakula ampere-saa 10 za batri ya volti 12. Kama batri yenu ni ya ampere-saa 20, nusu imeenda. Batri ya asidi ikishushwa hivyo kila usiku haidumu. Kuandika “Zima taa” kwenye ukuta, tumeona matokeo yake.

Muchukue karti ya Arduino Uno, butoni moja ya kufinya, na rele ya volti 5. Karti ipate umeme kupitia shajeri ya simu ya motokari, isifungwe moja kwa moja kwenye batri. Waya mmoja wa butoni uende kwenye pini 2, wa pili kwenye GND. Rele ifungwe kwenye 5V, GND na pini 8. Waya wa taa upite kwenye rele, kamwe si kwenye pini: taa hii inavuta karibu miliampere 830, na pini inafaa kutoa 20 tu.

Kwenye ordinateri muandike hivi, kisha mutume kwa kamba ya USB:

void setup() {
  pinMode(2, INPUT_PULLUP);
  pinMode(8, OUTPUT);
  digitalWrite(8, LOW);
}
void loop() {
  if (digitalRead(2) == LOW) {
    digitalWrite(8, HIGH);
    delay(600000);
    digitalWrite(8, LOW);
  }
}

Wengi wanashangaa: kwa nini LOW njo butoni imefinywa? INPUT_PULLUP inashikilia pini kwenye volti 5. Kidole kinaiunganisha na GND, volti inashuka.

Namba 600000 ni milisekunde, ni kusema dakika 10. Musiandike 10*60*1000, hata kama hesabu ni ile ile. Chipi ya Uno inafanya hesabu ya namba ndogo kama hizo bila kupita 32767. Ikizidi, inapotea, na taa yenu itazimika kisha sekunde 10 hivi, mfuko ukiwa bado kwenye mizani.

Rele nyingi za soko zinafanya kinyume. Kama taa inawaka mbele hamujafinya, mugeuze HIGH na LOW kwenye mistari mitatu ya pini 8. Na wakati taa inawaka, kufinya tena hakuongezi kitu. Mungoje izime, ndipo mufinye.

Karti yenyewe inakula pia, miliampere 50 hivi, mchana na usiku. Msimu wa mavuno ukiisha, muichomoe.